Usuluhishi wa CMA kwa mfanyakazi Mkristo: huduma nzuri, watumiaji tunachelewa

Huduma inayopimwa hapa ni usuluhishi wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ambayo kila mtu anaiita CMA. Iliundwa kwa Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya 2004, ikaanza kazi mwaka 2007, na inahudumia Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya ajira na utaratibu wake. Kufungua mgogoro hakuna ada. Tumeipima kwa macho ya mtu mmoja tu: mfanyakazi Mkristo aliyekosana na mwajiri, anayetaka haki yake na hataki kuiacha imani yake getini.

Tuanze na hukumu. Kwa mtu wa namna hiyo usuluhishi wa CMA ni mzuri kuliko sifa zake, na sababu yenyewe wengi hawaijui: ni mahali pekee katika mgogoro mzima wa kazi ambapo unaweza kukiri kosa lako, na kukiri huko kusigeuzwe ushahidi wa kukufunga. Kasoro kubwa iko kwetu watumiaji. Tunafika tumechelewa, tumeshasaini tusichokisoma, na tumeshaandika barua za kuomba msamaha zilizotumaliza kabla kesi haijafunguliwa.

Siku 30, na kikao cha wazee hakizisimamishi

Aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kupeleka mgogoro wake, kuanzia tarehe ya kuachishwa, au tarehe mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho pale ulipokata rufaa ya ndani. Migogoro mingine, kama mishahara iliyozuiwa, ina siku 60 tangu ilipotokea. Hiyo ni kanuni ya 10 katika Tangazo la Serikali Na. 64 la 2007. Jumapili za katikati zimo kwenye hesabu.

Hapa ndipo waumini wanapoangukia. Mtu ameachishwa tarehe 3. Wiki ya kwanza anafunga na kuomba. Wiki ya pili anamwona mchungaji, ambaye anamfahamu mkurugenzi na anaahidi kuongea naye. Mkurugenzi yuko safari. Wiki ya nne mchungaji anapewa jibu la "tutaliangalia". Tarehe 9 ya mwezi unaofuata mtu anaingia CMA, na dirisha limeshafungwa. Atalazimika kujaza fomu F.2 pamoja na hati ya kiapo, akiomba kuongezewa muda na kueleza kila siku aliyochelewa. Mahakama zetu zimeshikilia kwa muda mrefu kwamba mazungumzo ya pembeni hayasimamishi muda. "Nilikuwa nasubiri mchungaji" haimsaidii mtu.

Dawa yake ni rahisi na haivunji heshima ya mtu yeyote: fungua mgogoro ndani ya muda, kisha endelea na wazee. Mkikubaliana, makubaliano yanaandikwa na kusainiwa mbele ya msuluhishi, au unauondoa mgogoro. Ukishafungua, anayebanwa na muda ni mwajiri, wala si wewe tena.

Wapo wanaozuiwa na 1 Wakorintho 6, ile ya ndugu kushitakiana mbele ya wasioamini. Soma nani anasemwa pale: ni washirika wawili wa kanisa moja. Kampuni yenye namba ya usajili si mshirika wa kanisa. Na Paulo huyohuyo, katika Matendo 25, alikata rufaa kwa Kaisari bila kuona haya. Kule Filipi, sura ya 16, wakuu walipotaka kumtoa gerezani kimyakimya baada ya kumpiga pasipo hukumu, alikataa kutoka mpaka waje wenyewe. Aliyewahi kuitwa ofisini saa kumi na moja jioni na kuambiwa "andika tu barua ya kuacha kazi, tumalizane vizuri" anaielewa sura hiyo kuliko wachambuzi wengi.

Ugumu wa kweli upo kwa wanaofanya kazi kwenye hospitali za misheni, shule za seminari na ofisi za dayosisi. Kule Paulo anahusika moja kwa moja, na wazee wanastahili kupewa nafasi ya kwanza. Lakini taasisi ya kanisa inayoajiri iko chini ya sheria ileile ya kazi, na siku zake ni zilezile 30. Wape wazee siku kumi kwa maandishi, na tarehe ya mwisho iandikwe kwenye barua.

Barua tatu zinazoharibu kila kitu

Msuluhishi anakuta mezani alichokikuta. Ubora wa huduma yake unategemea karatasi ulizosaini kabla hujamfikia, na kwa uzoefu wa kazi hii waumini huharibu karatasi tatu zilezile.

Ya kwanza ni barua ya kujieleza. Mwajiri anakuandikia ueleze kwa nini usichukuliwe hatua za nidhamu. Unyenyekevu unakusukuma kuandika: "Naomba msamaha kwa yote yaliyotokea, mimi ni binadamu, sitarudia." Kwako ni toba. Kwenye faili ni "alikiri kosa", na kosa lenyewe ni lolote litakalotajwa kwenye barua ya kuachishwa. Tenganisha kosa lako na lisilo lako, sentensi kwa sentensi: "Tarehe 14 nilifika saa 3:20 asubuhi badala ya saa 2:00. Kwa kuchelewa huko naomba radhi. Upungufu wa sh. 186,000 kwenye droo sihusiki nao; nilikabidhi zamu saa 10:00 jioni na daftari la makabidhiano limesainiwa na pande zote mbili." Hapo umekiri ulichokosa, hujadanganya, na hujabeba msalaba wa mtu mwingine. Yesu alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu, Yohana 18:23, alijibu kwa kudai ushahidi: kama nimesema vibaya, ushuhudie ule ubaya. Jibu la upole na la ushahidi kwa pamoja. Hakuna mfano bora wa barua ya kujieleza.

Ya pili ni barua ya kuacha kazi. Mkuu anakutukana mbele ya wateja, au anakudai rushwa ya ngono, nawe kwa kuepuka ugomvi unaandika: "Naacha kazi kwa sababu binafsi. Nawashukuru kwa ushirikiano, Mungu awabariki." Sheria inamtambua mtu aliyelazimika kuacha kwa sababu mwajiri amefanya kazi isivumilike, na kuacha huko kunahesabika kama kuachishwa. Ila unatakiwa uonyeshe kuwa ulilalamika kwanza kwa utaratibu wa ndani, isipokuwa kuwe na sababu nzuri ya kutolalamika, na sababu ya kuacha iwe ndiyo hiyohiyo. Baraka zako za mstari wa mwisho zitasomwa mbele ya mwamuzi, yule anayesikiliza na kuamua mgogoro usuluhishi ukishindikana, kama ushahidi kwamba uliondoka kwa hiari na kwa moyo mweupe.

Ya tatu ni fomu ya malipo ya mwisho yenye maneno "nimelipwa stahiki zangu zote na sina madai mengine". Ukilipwa sehemu, andika kwa kalamu juu ya saini yako: "Nimepokea sh. kadhaa, bado nadai likizo na kiinua mgongo." Mhasibu atanuna. Mwache anune.

Kuhusu Mathayo 18, ile ngazi ya kumwendea ndugu peke yako, kisha na mashahidi, kisha kanisa, inatumika kazini vizuri kabisa, mradi hatua ya kwanza ifanyike kweli. Wengi huiruka. Hawamwambii mkuu wao chochote, wanapeleka habari kwenye kundi la WhatsApp la ushirika kama "ombi la maombi", jina na cheo vikiwemo. Ule ni umbea uliovaa kanzu, na mwajiri akiupata anao ushahidi kwamba umemchafulia jina. Mwendee mwenyewe, faragha, umweleze tukio moja lenye tarehe. Siku hiyohiyo mtumie barua pepe fupi: "Asante kwa kunisikiliza leo. Nilieleza jambo hili na hili, na ulisema utalifanyia kazi kufikia Ijumaa." Ujasiri mwingi unaohitajika katika mgogoro wa kazi ni wa dakika hizo kumi, na ndio unaokosekana mara nyingi.

Ukiitwa kwenye kikao cha nidhamu, una haki ya kupewa muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na haki ya kwenda na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzako. Ipo kwenye Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo Na. 42 la 2007. Ukiitwa leo kwa kikao cha leo, sema kwa sauti ya kawaida kwamba unaomba saa zako 48, na uombe hilo liandikwe kwenye muhtasari.

Fomu F.1

Fomu ya kufungulia mgogoro ni CMA F.1, na inajazwa kwenye ofisi ya eneo ambako mgogoro ulitokea. Makosa yanayojirudia ni machache. Jina la mwajiri: watu wanaandika jina lililo kwenye bango la duka, wakati kampuni iliyosajiliwa inaitwa kingine. Utashinda, kisha ushindwe kukazia hukumu, yaani kulazimisha ulipwe, kwa sababu aliyehukumiwa hayupo kisheria. Tazama mkataba, hati ya mshahara au taarifa yako ya NSSF. Tarehe ya mgogoro: isiachwe wazi, kwa kuwa ndiyo inayopima siku zako. Aina ya mgogoro: sehemu B ya fomu ni ya walioachishwa kazi, mwenye madai ya mshahara akiwa bado kazini asiijaze, atazua pingamizi la kisheria lisilo na faida yoyote. Na madai yaandikwe kwa tarakimu, si "stahiki zangu zote".

Nakala lazima imfikie mwajiri, nawe uthibitishe CMA kwamba imemfikia. Peleka mwenyewe, upate saini, tarehe na muhuri kwenye nakala yako. Mapokezi wakigoma kuipokea, tuma kwa rejista ya posta na utunze risiti.

Sasa tarakimu zenyewe. Chukua mfanyakazi wa siku sita kwa wiki, mshahara wa msingi sh. 520,000 kwa mwezi, miaka sita kamili kazini, ameachishwa akiwa amefanya siku 18 ambazo hazijalipwa na hajaenda likizo ya mwaka. Jedwali la Sheria ya Ajira linagawa mshahara wa mwezi kwa 4.333 kupata wa wiki, karibu sh. 120,000, gawa kwa sita, siku moja ni sh. 20,000. Siku 18 ni sh. 360,000. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, ukomo miaka kumi: 140,000 mara sita ni sh. 840,000. Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi haipungui siku 28, na kwa kawaida hulipwa kama mshahara wa mwezi mmoja: sh. 520,000. Likizo ya siku 28, tena sh. 520,000. Jumla sh. 2,240,000, kabla ya fidia ya kuachishwa isivyo haki, ambayo hudaiwa kwa kipengele chake. Kama uliajiriwa mkoa mwingine na kusafirishwa, dai pia gharama za kurudi ulikoajiriwa. Aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hapati kiinua mgongo, usikiorodheshe kwa kubahatisha.

Andika hizo na usizidishe. Kuna ushauri wa vijiweni kwamba udai milioni 40 ili ushushwe hadi nne. Mbali na kuwa uongo, haufanyi kazi: msuluhishi anajua jedwali kuliko wewe, na akishaona tarakimu moja ya kubuni ataitilia shaka hata ile ya kweli.

Ndani ya chumba

Msuluhishi ana siku 30 tangu mgogoro kuwasilishwa, labda pande zote ziongeze muda kwa maandishi. Usipotokea wewe uliyefungua, anaweza kuufuta mgogoro. Mwajiri asipotokea, anaweza kuuamua bila yeye. Unaweza kwenda peke yako, na wakili, na ofisa wa chama chako, au na mwakilishi uliyemchagua. Kwa madai yaliyohesabiwa kama hayo hapo juu, kwenda peke yako kunatosha. Wakili ana kazi zaidi kwenye uamuzi.

Kikao huanza pamoja. Kila upande unaeleza, kwa kawaida dakika chache. Kisha msuluhishi huweza kumtoa mmoja na kubaki na mwingine. Pale anapobaki nawe peke yako ndipo huduma inapoonyesha thamani yake. Atakuuliza unachotaka hasa, na kiasi cha chini utakachokubali. Mwambie ukweli, na umwambie lipi asimpelekee mwenzako.

Yanayosemwa katika usuluhishi ni siri na hayatumiki baadaye mbele ya mwamuzi. Kwa hiyo, kama kweli ulimjibu msimamizi kwa jeuri, au uliwahi kusaini mahudhurio ya mwenzako, hapa ndipo pa kusema: "Hilo nilikosa." Barua ya kujieleza ingekufunga, chumba hiki hakikufungi. Na ajabu ni kwamba neno hilo hushusha joto haraka kuliko hoja zote za sheria, maana upande wa pili ulikuja ukijiandaa kubishana nalo. Msamaha wenyewe uuache humohumo. Ukiurudia kwa ujumbe wa simu ukiwa kwenye daladala kurudi nyumbani, umeshatoka kwenye kinga.

Kusamehe na kufuta deni ni vitu viwili. Unaweza kumsamehe meneja kwa matusi yake na bado ukadai siku 18 ulizofanya kazi. Walawi 19:13 inakataza mshahara wa kibarua kulala kwa mwajiri hata asubuhi, na Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiwa unapiga kelele. Ukitaka kupunguza madai kwa ajili ya amani, punguza kwa kujua ni kiasi gani unaacha, ukiwa umeshakubaliana na wa nyumbani kwako ambao nao walikula hasara.

Tusichokipenda

Mwajiri huweza kumtuma mwakilishi asiye na ruhusa ya kukubali hata shilingi. Kikao kizima kinaishia "nitawasiliana na menejimenti". Muulize msuluhishi mwanzoni kabisa: aliyekuja anaweza kusaini leo? Jibu likiwa hapana, omba kikao kipangwe tena kabla hamjapoteza asubuhi.

Pili, huduma imejengwa kwa ajili ya haki na malipo. Uhusiano uliovunjika haina zana za kuuponya. Mkiwa bado mnafanya kazi pamoja, CMA itamaliza suala la mshahara na kuwaacha mkipishana koridoni bila salamu. Hilo ni eneo ambalo mchungaji au mzee anayeheshimiwa na pande zote anaweza zaidi, na hapo hakuna siku 30.

Tatu, milango miwili imefungwa kwa watu wanaosafiri mbali kuifikia. Aliyefanya kazi chini ya miezi sita hawezi kulalamikia kuachishwa isivyo haki, ingawa mshahara wake anaweza kuudai. Na mtumishi wa umma hapaswi kuanzia CMA. Tangu marekebisho ya 2016 anatakiwa amalize kwanza ngazi za rufaa chini ya Sheria ya Utumishi wa Umma. Mwalimu wa shule ya serikali na mwalimu wa shule ya kanisa jirani yake wana njia mbili tofauti kabisa, japo wote wamefukuzwa kwa barua zinazofanana.

Usuluhishi ukishindikana, msuluhishi hutoa hati ya kushindikana na mgogoro kwa kawaida huenda kwa mwamuzi, ambaye anatakiwa atoe tuzo, yaani uamuzi wake, ndani ya siku 30 baada ya kumaliza kusikiliza. Asiyeridhika ana wiki sita tangu apewe tuzo kwenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Ni barabara ndefu. Ile ya Mathayo 5:25, patana na mshitaki wako upesi mngali njiani, ni ushauri mzuri hata kwa asiyeamini.

Mkipatana, makubaliano hukaziwa kama amri ya mahakama, kwa hiyo soma kila mstari kabla ya kusaini. "Mlalamikiwa atalipa haraka iwezekanavyo" haikaziki. Inayokazika ni: "Mlalamikiwa atalipa sh. 1,900,000 kwa awamu mbili, sh. 1,000,000 ifikapo tarehe 30 na sh. 900,000 ifikapo tarehe 30 ya mwezi unaofuata, kupitia akaunti namba hii. Akikosa awamu moja, deni lote litadaiwa mara moja." Kisha ongeza mstari wa cheti cha utumishi, ambacho ni haki yako kisheria hata kama mliachana vibaya, na taja siku utakayokwenda kukichukua.